Wilikapu Zangu Nazipaka Mwenyewe

Wilikapu yangu ya nne ilibaki Somanga. Mwezi wa tano mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, mabasi yakalala njiani siku kadhaa, upande huu na upande ule. Mimi nilipita baadaye, magari yalipoanza kuruhusiwa kwenye mchepuko, mawe yamemwagwa juu ya tope, mbele yangu semitrela linazama na kuibuka kama kiboko. Nilipofika nyumbani Kiranjeranje, mjukuu wangu alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama dalali kwenye mnada wa ufuta.

"Bibi," akasema, "gurudumu la nyuma kushoto liko uchi."

Wilikapu ni vile vifuniko vya plastiki vinavyofunika rimu ya chuma. (Ni kapu gani hilo lisilobeba hata kitunguu, sijui. Jina tumelipokea hivyo hivyo.) Mwenye spoti rimu hana haja navyo. Sisi wenye rimu za chuma tukiondoa kifuniko, gurudumu linabaki kama sufuria la shughuli lililosahauliwa uani: jeusi, lina kutu, nati zimetoka nje.

Gari langu ni IST, nililinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo baada ya kushika chaki maisha yangu yote ya kazi. Lilikuja tayari na ushuru wa uchakavu juu yake, maana serikali yetu hulihesabia gari kuukuu uzee wake kabla halijaonja lami ya nchi. Kwa hiyo sitaki lionekane jipya, uongo huo nani ataununua? Nataka lionekane lina mwenyewe.

Wiki zile nilizotembea na magurudumu matatu yaliyovaa na moja lisilovaa, kila aliyenishauri alinishauri kununua. Mwanangu aliyeko Dar aliniambia kwa simu, "Mama, si uchukue seti ya kung'aa, yameisha." Nimeziona hizo za kung'aa. Zinang'aa kama meno ya bandia, na hewa ya chumvi ya huku kwetu ikizishika, ule mng'ao unabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Shoga yangu muuza maandazi pale kituoni alinielekeza kwingine: "Nenda stendi, Mwalimu, zipo za mtumba tele."

Nikaenda. Stendi gani sitaitaja. Kijana alikuwa amezitundika kwenye kamba, zimepangana kama ng'onda, kila saizi, kila umri. Nikazipitia moja moja, nikafika kwenye moja nikasimama. Vijiti saba, kama zangu. Pembeni ina mkwaruzo wa nusu duara, na mkwaruzo ule naujua, niliupata kwenye ukingo wa daraja siku niliyompisha mwenye mkokoteni wa mihogo.

"Hii umeitoa wapi, mwanangu?"

"Mzigo wa Dar, mama. Elfu kumi na tano."

Ningemjibu nini? Sikuwa nimeandika kitu chochote juu yake. Gari za aina yangu ni nyingi kuliko minazi, na madaraja ni mengi, na kila daraja lina ukingo. Labda kweli ilitoka Dar. Labda aliiokota mtu kwenye tope la Somanga akaiuza kwa halali yake yote, maana cha kuokota barabarani nani atakirudisha, na kwa nani? Sina ugomvi na yule kijana. Ila niliondoka bila kununua, na tangu siku hiyo nina msimamo, na msimamo wenyewe ndio ulionikalisha niandike.

Watu wa mjini huchonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, wanajua usiku vina miguu. Kifuniko cha gurudumu hakichongwi na mtu, eti kitu chenyewe kidogo. Basi kamba moja inabeba kilichookotwa na kilichong'olewa saa nane za usiku, na mnunuzi hana namna ya kuvitofautisha. Mimi nasema asiyeweza kuvitofautisha asinunue. Kama viwili vimebaki, avipake viwili. Kama kimoja kimepotea, atafute cha gari lililokufa ambalo mwenyewe anamjua.

Hapa kwetu gari lililokufa halikosekani. Jirani yangu ana Corolla iliyolala chini ya mwembe miaka mingi, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nilimwomba kifuniko kimoja, akanipa kwa nazi kumi na maneno mengi. Saizi ni ile ile, inchi 14, hilo ndilo la kuangalia kwanza, na limeandikwa ubavuni mwa tairi, namba inayofuata ile herufi R. Tatizo lilikuwa sura. Changu kina vijiti saba, cha Corolla kina tisa, na jua limekigeuza rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ndipo nikaenda dukani kununua rangi ya kopo.

Ningekuwa na akili ningeanza kwa kumkumbuka baba yangu. Alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje na kazi yake ilikuwa mashua: kuzikwangua, kuzitia kalafati, kuzipaka sifa mbao za juu na deheni mbao za chini. Vijana wa leo wanaijua sifa ya kusifiwa tu. Sifa ninayoisema mimi ni mafuta ya maini ya papa, yananuka mpaka mtaa wa pili, na mbao iliyoyanywa hailiogopi jua. Deheni ni chokaa na shahamu, inapakwa tumboni mwa chombo ili minyoo ya baharini isitoboe. Mashua ikipandishwa mchangani, baba alikuwa akiikwangua siku mbili na kuipaka nusu siku. Nilipokuwa mtoto niliona anapoteza muda, rangi ndiyo ninayoiona mimi, kukwangua nani anakuona?

Basi nami nikaanza kwa rangi. Niliviosha vifuniko kwa maji tu, nikaona grisi haijatoka, nikachukua kitambaa chenye thina nikasugua kwa nguvu. Thina ni dawa ya chuma. Plastiki iliilegeza, ikawa inanata kama ubuyu, na alama za vidole vyangu zimo kwenye kimoja hadi leo, ukikishika utazihisi chini ya rangi. Nikapuliza hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili rangi ilianza kujivua kama nyoka.

Mara ya pili nilikuwa na bidii zaidi. Niliviosha kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia, nikaamka alfajiri ili niwahi kabla ya jua, nikavipanga juu ya magunia mbele ya nyumba. Silva ilitoka nzuri. Nikaingia ndani kunywa chai, niliporudi imeingia ukungu mweupe, kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Nilidhani dukani wameniuzia kopo bovu. Kopo halikuwa na kosa, kosa lilikuwa la saa. Kile kiyeyusho kilichomo kwenye rangi kinapokauka haraka hupoza uso wa kitu, na hewa ya pwani alfajiri imejaa unyevu. Unyevu unajikusanya pale penye baridi kama unavyojikusanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande umeingia ndani ya rangi. Na kana kwamba haitoshi, lori la jasi kutoka Makangaga likapita, na nyumba yangu iko karibu na barabara. Vumbi jeupe likaja kutua lote juu ya rangi mbichi. Siku hiyo nilicheka, kulia nilikuwa nimemaliza mara ya kwanza.

Mara ya tatu nilifanya alivyofanya baba. Nilitumia siku mbili kabla ya kugusa kopo. Nilisugua kwa msasa wa maji, namba 400 kwanza kisha 600, mpaka ule mng'ao wa zamani ukafa na plastiki ikawa kama ubao uliopanguswa chaki. Mjukuu alishika ndoo. Tukasuuza, tukaanika kivulini, tukafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Kisha praima, ile ya plastiki, uulize kwa jina dukani, maana kuna plastiki ambayo rangi haiikubali hata ubembeleze vipi bila praima yake. Yote hayo nyuma ya nyumba, mbali na malori, saa nne asubuhi, umande umekwisha na upepo wa kusi haujaamka. Miezi ya kusi ukingoja saa nane mchana, nusu ya rangi yako itapaka migomba.

Kutikisa kopo ni kazi yenyewe. Ndani mna gololi, na gololi ipo ili ichanganye, kwani silva ni unga wa aluminiamu unaokaa chini kama mchanga mtungini. Ukisikia imeanza kulia ngo-ngo-ngo ndiyo umeanza, sasa hesabu dakika mbili. Mjukuu wangu kazi hii aliifurahia kuliko zote. Nilimsimulia kwamba rangi ya kopo ya kwanza iliyouzwa duniani ilikuwa hii hii ya silva: mwaka 1949, Marekani, mji wa Sycamore jimbo la Illinois, bwana mmoja Edward Seymour alikuwa na rangi ya aluminiamu ya mabomba ya kupashia nyumba joto, anatafuta njia ya kuwaonyesha wateja, mkewe Bonnie akamwambia si uitie kwenye kopo la kupuliza. Mjukuu akauliza, "Bibi, mke ndiye aliyejua?" Nikamwambia atikise kopo.

Unapuliza kwa umbali wa shubiri moja na zaidi kidogo, mkono unatembea, hausimami, unaanzia nje ya kifuniko na unamalizia nje ya kifuniko. Koti la kwanza liwe jepesi kiasi cha kukuudhi, plastiki bado inaonekana chini yake. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa: tunataka kumaliza, tunarudi palepale, rangi inatiririka machozi. Subiri robo saa. Tena. Subiri. Makoti matatu, halafu vanishi ya kupuliza juu yake mara mbili, bila hiyo vanishi silva hupauka upesi. Na usivifunge siku hiyo hiyo hata kama una safari ya msiba. Nililala navyo usiku mzima na mchana wake.

Katikati nilizungusha duara la buluu. Mashua za baba zote zilikuwa na mstari wa buluu karibu na ukingo, na watu wa Kivinje walimjua kwa mstari huo. Pale nisipotaka buluu ifike nilipaka mafuta ya mgando, rangi haishiki juu ya mafuta, ukifuta inaondoka nayo. Kwa ndani, kabla ya yote, nilichonga namba ya gari kwa msumari wa moto. Sasa anayetaka kuzitundika kwenye kamba azitundike. Buluu ile hakuna gari jingine lililo nayo kuanzia Nangurukuru mpaka Mbwemkuru.

Kuna fundi wa pikipiki hapa jirani, mtu nimheshimuye, ambaye ana hoja ya kunipinga. Anasema wilikapu zote zitupwe, kwani zinaficha nati, na nati iliyofichwa ndiyo inayoua. Nakubali nusu. Siku ya kuvitoa kwa ajili ya kupaka, nilipitisha sipana kwenye magurudumu yote manne, na mbele kulia nilikuta nati moja inazunguka kwa vidole. Kwa vidole vya bibi! Nimekwenda nayo Lindi na kurudi mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Lakini ingekuwa seti mpya ya dukani, fundi angezibandika juu kwa viganja viwili, pap pap, na kuondoka zake. Kupaka kulinifanya nikae chini mbele ya gurudumu na kulitazama. Niliona pia kwamba kifuniko changu cha kushoto kilichobaki ndicho kilichoumia zaidi, na hilo linasema habari ya dereva: sisi hupita kushoto, na mimi nimezoea kuwapisha watu mpaka kwenye kokoto.

Kwa hiyo yule anayepuliza kwa dakika kumi gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, gazeti limechomekwa kwenye tairi, silva inaingia kwenye nati, kwenye mdomo wa valvu, kwenye breki, huyo simhesabu. Amepaka rangi bila kuona gurudumu.

Kuna jambo moja ambalo silifanyii mzaha. Hewa inayosukuma rangi ndani ya makopo mengi ya siku hizi ni gesi ya jamii ya ile ya kupikia. Zamani walitumia gesi nyingine zisizowaka, zikaonekana zinaharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa. Kilichobaki kinawaka. Basi jiko la mkaa lenye moto na kopo la rangi havikai ua mmoja. Barakoa ya kitambaa, tuliyonayo kila nyumba tangu Korona, huzuia matone kidogo na harufu haizuii hata chembe, kwa hiyo simama upande upepo unakotoka, nje, wala usipulize chumbani kwa kuogopa vumbi. Watoto wadogo wakae mbali. Mjukuu wangu aliruhusiwa kutikisa na kushika ndoo. Kupuliza hakuruhusiwa, alinuna siku nzima.

Na kopo likiisha? Huku kwetu takataka tunachoma shimoni, na watoto ndio wachochezi. Kopo la kupuliza linaloonekana tupu bado lina gesi, na limeandikwa lenyewe lisifikishwe nyuzi joto 50. Ndani ya moto linalipuka. Nimewahi kuona wenye maduka wakiyapanga makopo hayo mlangoni, jua la saa saba linayapiga, yanang'aa vizuri wateja wayaone. Ningekuwa bado na fimbo yangu ya darasani ningeingia nayo. Langu nililigeuza kichwa chini nikalibonyeza mpaka likanyamaza kabisa, nikaliweka kando hadi alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu, nikamweleza ni kitu gani. Alilipokea kwa ncha za vidole.

Kuvirudisha si kugumu ukijua siri mbili. Kifuniko kina waya wa duara nyuma, na waya una mkunjo mmoja. Mkunjo huo na tundu la valvu viangaliane, usipofanya hivyo siku ya kujaza upepo utajua. Ya pili, vile vibano vya plastiki vinavyoshika rimu usivipake rangi nzito, vinanenepa, vinakataa kuingia, unalazimisha, vinakatika. Kifuniko cha Corolla kilikuwa kimekatika vibano viwili tangu enzi za kuku, nikakifunga kwenye rimu kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya. Ndani ya gari naweka wembe, maana tairi likipata pancha usiku pale Hoteli Tatu, kamba hizo hazifunguki kwa dua.

Gharama sikuiandika yote. Kopo la silva lilikuwa shilingi 7,000 na nilitumia matatu ukihesabu yale niliyoyaharibu. Buluu, praima, vanishi, msasa, nazi kumi. Mwanangu wa Dar alipopiga hesabu akasema ingekaribia seti ya kung'aa. Inawezekana. Sijamwambia kuhusu nati.

Sasa ni miezi mitatu. Juzi alinipita kijana mmoja wa bodaboda, mwanafunzi wangu wa zamani, mwepesi wa kunyoosha kidole kabla swali halijaisha na mwepesi wa kukosa. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Aisee, seti mpya hiyo! Umeagiza wapi?"

"Marahaba. Hesabu vijiti vyote uniambie ni vingapi."

Akainamia gurudumu la mbele, akagusa kimoja kimoja kwa kidole, akainuka bila kuangalia mengine.

"Saba mara nne, Mwalimu. Ishirini na nane."

Nikamwambia azime pikipiki, alizunguke gari, ahesabu upya.